Vuli Mbili

Kamusi inasema majira haya huku Sweden ni vuli. Nina miaka 11 hapa na neno hilo bado halijanikaa mdomoni. Vuli ya Muheza ni mvua, matope na harufu ya udongo. Ya huku ni majani kupukutika, na upepo wa Falsterbo unaopenya hadi kwenye meno.

Jumamosi moja ya Septemba tulikuwa watu 14 kwenye rasi hiyo, pembe ya kusini-magharibi kabisa ya nchi, kila mmoja na darubini shingoni na chupa ya kahawa mkobani. Ndege wengi wanaohama huogopa maji mapana, hivyo hufuata pwani mpaka ardhi iwaishie, nayo huishia hapa. Vipanga walipita mmoja mmoja, mbayuwayu kwa makundi, na hakuna aliyepaza sauti. Utotoni niliwaona Wazungu wa namna hii msituni Amani, wamekodolea macho vilele vya miti, nasi watoto tukaapa kwamba wanatafuta rupia walizofukia Wajerumani.

Kwenye bustani ya mnara wa taa wametega nyavu nyembamba. Kituo cha ndege kipo tangu 1955. Binti mmoja alitoa kidege mfukoni, mfuko wa kitambaa, akakivisha pete mguuni, akapuliza manyoya ya tumbo kuona kimenenepa kiasi gani kwa safari, akakipima: gramu 9. Mikono yangu ilikumbuka ulimbo na manati. Cha kadiri hiyo tusingehangaika nacho.

“Lövsångare,” akasema. Mwimbaji wa majani. Nikajidai: huyu namjua, huja kwetu na mvua. Akautandaza ubawa, akatikisa kichwa. Wa kusini mwa Sweden huenda Afrika Magharibi. Wanaoshuka Afrika Mashariki ni wale wa kaskazini mwa nchi, wenye rangi ya kijivu zaidi. Huyu yumkini safari yake ni ya Ghana. Basi nikabaki na salamu zangu mkononi.

Mzee mmoja wa kundi letu akaniuliza kwetu tunamwitaje. Nikanyamaza. Kwale namjua, tetere, chiriku, kwelea kwelea anayemaliza mpunga. Aliyeingia chunguni au shambani alipata jina. Huyu asiyeliwa wala kudhuru, jina lake nimelipata kwa Kiswidi. Labda marehemu babu alikuwa nalo kwa Kibondei. Sikumwuliza, na hilo linaniuma kuliko baridi.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, hali ya hewa, bei ya mchele. Kisha nikauliza: vile videge vya kijani-njano vinavyorukaruka kwenye mwarobaini vuli ikianza, mnaviitaje?

“Videge,” akasema. Akanyamaza kidogo. “Kwani huko mwanangu umekosa kitoweo?”