Kikombe cha Mtama

Mchungaji akionekana ameketi kwenye benchi la kilabu cha pombe ya kienyeji hapa Rwamgasa, washarika hawaulizi amekunywa nini. Wanauliza kama Jumapili ataingia madhabahuni. Hatuwalaumu. Katika machimbo yetu pombe imebomoa nyumba nyingi. Mchimbaji anapanda kutoka duarani, anagawiwa mifuko yake ya mawe, anayapeleka karashani, anauza dhahabu yake, na usiku uleule fedha ya sare za watoto inaisha. Tumekaa na wake wa watu hao wakilia. Wengine tumewazika waume zao. Kwa hiyo hatuandiki kusifu ulevi. Tunaandika kwa sababu ya fungu la kumi.

Mama mmoja mjane, anayepika pombe ya mtama na kuiuza uani kwake, alileta fungu lake la kumi kanisani. Mzee wetu mmoja akashauri lirudishwe. Alitaja Kumbukumbu la Torati 23:18, panapokatazwa kuleta ujira usiofaa katika nyumba ya Bwana. Wengine katika Baraza la Wazee walisita. Tukakubaliana kwamba kabla ya kurudisha sadaka ya mtu, ni vema kwanza kufika nyumbani kwake. Tukaenda wanne: mchungaji, mwinjilisti, mzee yule, na kijana wa kwaya anayetusaidia kutembelea nyumba.

"Karibuni, Baba Mchungaji, karibuni wazee wangu," alisema, akatufutia benchi kwa kanga. Tulimwomba atueleze kazi yake, naye akaanza kwenye gunia. Mtama unalowekwa, unafunikwa hadi uote, kisha unaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga mwingine unapikwa uji mzito, unaachwa upoe, halafu kimea kinatiwa. Kimea ndicho kinachogeuza wanga kuwa sukari, na chachu inaila sukari hiyo hadi kinywaji kichemke chenyewe bila moto. Kisha unachuja. Gongo hapiki. Alitukumbusha kwamba gongo ni kinyume cha sheria, na kwamba asiyeogopa sheria aogope macho yake na ini lake.

Alitupatia kikombe kimoja kimoja. Pombe ilikuwa nzito kama uji mwepesi, chachu kidogo, yenye harufu ya nafaka iliyokaangwa na moshi wa kuni. Ilikuwa alasiri, jua limelegea, na jirani waliokuwa wakizungumzia mvua walitusogezea nafasi. Tulifurahi. Hatuoni haya kuliandika neno hilo, maana Zaburi ya 104 inaihesabu furaha ya moyo wa mwanadamu miongoni mwa kazi za Mungu, pamoja na mkate na mafuta. Tukamweleza mama kwamba Katharina von Bora, aliyeolewa na Martin Luther mwaka 1525, naye alikuwa mpika pombe huko Wittenberg, na mumewe aliipenda, ingawa mimbarani aliukemea vikali ulevi wa Wajerumani wenzake. Mama akacheka. "Kumbe nina dada Ujerumani," alisema.

Alitwambia pia jambo ambalo hatujalisahau. Pombe ya mtama haiwekeki. Siku chache tu, imeharibika. Huwezi kuilimbikiza, lazima uwaite watu. Ndiyo maana zamani mwenye shamba aliyetaka msaada wa kulima aliandaa pombe, na majirani wakaja na majembe. Tuliwaza juu ya mana ya Kutoka 16, iliyooza kwa waliojiwekea akiba.

Mzee wetu hakuwa amegusa kikombe chake. "Mama," alisema kwa upole, "lakini fedha yako inatoka kwa watu wanaolewa."

"Ni kweli, mzee wangu, wengine wanalewa, na ninawafukuza," alijibu. "Ila naomba kuuliza. Dhahabu mnayoipokea kanisani kwa vigelegele, imeshikwa na nini?"

Hakuna aliyejibu upesi. Sote tunajua kwamba imeshikwa na zebaki. Wachimbaji wanaichanganya kwa mikono mitupu, kisha wanaichoma, na mvuke wake unadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hasa za watoto walio karibu. Miaka ya 2000 mwanzoni, mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki uliifanya Rwamgasa kuwa mojawapo ya maeneo yake. Hata hivyo, hakuna mwenye duara ambaye usharika wetu umewahi kumrudishia bahasha.

Ndipo kijana wa kwaya akanyanyua kikombe chake, akakitazama. Miezi minane ilikuwa imepita tangu aiache gongo, na wengi katika usharika walimwombea. "Baba Mchungaji," aliuliza, "hata mimi?"

Hapo Warumi 14 ilitoka kwenye karatasi ikakaa nasi benchini. Tulimjibu: "Wewe hapana, mwanangu. Na tukiwa nawe, sisi pia hapana." Tukaviweka vikombe chini. Mama hakuudhika. Aliingia ndani akatoka na togwa, iliyotokana na unga uleule na kimea kilekile, ila haijaachwa ichachuke kuwa pombe. Tulikunywa wote, na mzee wetu akaongezewa mara mbili.

Baraza lilipokea fungu la kumi la mama yule. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa hoja, akaongeza kwamba mafundisho juu ya zebaki yaingizwe katika semina za wanaume. Hilo limeanza. Sikukuu ya Mavuno iliyofuata, togwa ya mama huyo ilinywewa na usharika mzima.

Wapendwa, tunaulizwa mara kwa mara kama Mkristo wa Kilutheri anaruhusiwa kunywa. Mwana wa Adamu mwenyewe aliitwa mlevi kwa sababu ya watu aliokaa nao mezani. Basi tunaomba kila mmoja, kabla ya kunyanyua kikombe au kumhukumu anayekinyanyua, aangalie kwanza ni nani aliyeketi naye.