Chini ya Kibanda cha Majembe

Mtu akitaka kujenga kibanda cha kuwekea majembe na mbegu, macho yake huwa juu. Anahesabu mabati, anachagua mbao, anatafuta kufuli nzuri. Udongo ulio chini haufikirii. Anafagia majani, anasimamisha nguzo, na kwa siku tatu kazi imekwisha. Lakini kibanda cha namna hiyo huanza kuharibika chini. Unyevu unapanda, mifuko ya maharagwe inaota ukungu, mchwa wanakula mipini ya majembe. Na mbegu ikioza mwezi wa nane, mwezi wa tisa tutapanda nini? Jamaa inayotafuta mbegu sokoni siku ile watu wote wanapozitafuta yaijua bei yake.

Sisi wa Bukavu tunalima milimani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na nyumba zetu zapanda tena kutoka hapo. Udongo wetu ni mwekundu, umetokana na mawe ya zamani ya volkeno yaliyooza. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali. Wakati wa mvua, toka mwezi wa tisa hata wa tano, unakunywa maji, unakuwa mzito na kuteleza. Kwa hiyo, tulipopatana jamaa nne kujenga kibanda cha shamba letu, tulianza mwezi wa saba, udongo ukiwa mkavu.

Tulikusudia mita 4 kwa mita 3. Upande mrefu tuliulaza kufuata ubavu wa kilima, maana hivyo kuchimba kunapungua. Tukapiga vigingi vinne, tukavuta kamba. Hapa mafundi wana hesabu nzuri: pande zikiwa 4 na 3, kamba ya kutoka pembe hata pembe inayoikabili lazima iwe mita 5 kamili, na ile ya pili vilevile. Ikizidi au kupungua, pembe si sawa.

Kisha tuliondoa udongo mweusi wa juu, kadiri ya shubiri moja, pamoja na mizizi yote. Udongo huo ni chakula: chakula cha mboga ukiwa katika tuta, chakula cha mchwa ukiwa chini ya sakafu. Tena mizizi ikioza inaacha nafasi tupu, na kilicho juu yake kinashuka. Tukaupeleka wote katika matuta.

Sasa angalieni neno hili, maana ndipo vibanda vingi vinapopasuka. Kwenye mtelemko watu huchimba upande wa juu, humwaga udongo ule upande wa chini, kisha husawazisha. Kwa macho kiwanja ni sawa. Lakini nusu yake ni udongo mzima usioguswa, na nusu ni udongo wa kumwagwa. Mvua ikija, nusu moja inasimama, nusu nyingine inashuka, na mlango haufungiki tena. Sisi tulichimba mpaka kibanda chote kikakaa juu ya udongo mzima. Kwa mtelemko wetu ilitupasa kushuka sentimita 60 upande wa juu. Ni jasho la siku mbili zaidi, wala hakuna atakayeliona. Mahali pasipo njia ila kujaza, ujazwe tabaka ya sentimita 15, ushindiliwe vizuri, ndipo iwekwe tabaka nyingine.

Kazi ikiwa hapo, mama wa parsele ya chini alipanda kututazama. Akasalimu, akauliza: «Wababa, maji ya hapa yatapita wapi?» Tukamwonyesha mfereji uliopimwa nyuma ya kibanda. Akasema: «Pale unapoanza napaona. Nauliza pale unapokwisha.»

Aliuliza neno la haki. Fanyeni hesabu: paa la mita za mraba 12, likipata mvua ya milimita 50 siku moja, linamwaga lita 600, ndizo bidoni 30 za lita 20. Zamani maji hayo yalienea katika majani. Sasa paa linayakusanya na kuyatupa mahali pamoja. Maji hufuata mkondo, na mkondo ule ungeelekea jikoni kwake. Wengine hushauri kuchimba shimo la kunywea maji. Kwenye tambarare ni shauri jema, lakini kwenye mtelemko wa udongo kama wetu maji ya shimo yanaulegeza mlima kwa ndani. Tunaijua Funu, humu mjini mwetu, ambako ardhi yenyewe yatembea mwaka kwa mwaka na nyumba za watu zikiwa juu yake.

Basi tulipatana naye hivi. Mfereji wapita nyuma ya kibanda, washuka sentimita 2 kila mita, wapita mpakani mwa parsele yake, hata kufika mfereji wa mawe ulio kando ya njia. Kingo zake tukapanda matete ili zisibomoke. Mama aliweka sharti moja: kila mwaka, kabla ya mvua, sisi wenyewe tutauzibua. Tukakubali.

Mwisho tulichimba mashimo sita ya sentimita 40, tukashindilia mawe, tukaweka juu ya kila moja jiwe pana. Juu ya mawe hayo yamelazwa maboriti, na sakafu inasimama shubiri moja na nusu toka ardhini. Upepo wapita chini yake, na mchwa wakipandisha vijia vyao vya udongo, tunaviona na kuvivunja.

Nanyi mnaotaka kujenga kabla ya mvua, anzeni chini. Na mvua ya kwanza ikinyesha, msikae ndani kutazama kama paa linavuja. Tokeni, fuateni maji kwa miguu mpaka mwisho wake, mwone yanaingia kwa nani.