Wapagazi Wangu wa Jumanne na Alhamisi

Mwaka 2022 niliwatoa watoto wanne darasani ili nichangishe pesa za kuwasomesha watoto. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna nyingine, niipambe kwa visingizio viwili vitatu, lakini kila nikiisoma tena naona ukweli wake ni huohuo. Waliotoa michango hawakuisikia kinywani mwangu wakati huo. Wao walinipigia makofi.

Mimi ni mtu wa Kolwezi, Kongo, fundi wa mitambo katika kampuni moja inayohudumia migodi. Kazini nilikuwa na rafiki Mtanzania, na usiku mmoja wa zamu alinisimulia jinsi mgodi wa dhahabu wa Geita unavyoandaa, tangu 2002, safari za kupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Nikawaza: kama watu wa dhahabu wanapanda, sisi wa shaba na kobalti tumekosa nini? Asubuhi hiyo, kabla sijalala, nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kilimanjaro ina mita 5,895. Dola moja kwa kila mita. Pesa yote iende kwa watoto wa mtaani kwetu.

Haja yenyewe ilikuwa ya kweli. Tangu Septemba 2019 serikali imeondoa ada katika shule za msingi za umma, kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi katika kifungu cha 43. Watoto wakafurika madarasani, dawati la wawili likakaliwa na wanne. Lakini sare, viatu na madaftari vilibaki juu ya mzazi, na mtoto akivuka kwenda sekondari ada inamngoja mlangoni. Gharama za safari niliamua kuzilipa kwa mshahara wangu, hata senti ya mchango isiguse mlima. Hilo nilijivunia sana. Nilidhani uaminifu ni wa pesa tu, na kwamba nikiwa na risiti zote mkononi hakuna atakayenidai kitu.

Sasa, Kolwezi haina mlima. Mji uliojengwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1937 umekaa kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, nyasi na miti mifupi hadi upeo wa macho. Vilivyosimama hapa vimetoka chini ya ardhi: kwa kila shimo kubwa kuna kilima cha udongo na mawe yaliyotupwa kando, tunachokiita remblai. Kwa mtu anayetaka kukaza magoti, remblai ilitosha. Haikuweza kunifundisha hewa nyembamba. Hiyo hufundishwa na mlima wenyewe, kwa mwendo wa pole pole na kulala ngazi kwa ngazi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Lakini miguu na mgongo niliweza kuviandaa nyumbani.

Kulikuwa na mbinu niliyoelekezwa. Kushuka na mzigo huumiza magoti, kwa hiyo unapanda na bidoni ya maji mgongoni, ukifika juu unayamwaga, unashuka mtupu, unajaza tena. Bidoni yangu ilikuwa ya lita 10. Mizunguko mitano kila asubuhi, Jumanne na Alhamisi, nikitoka zamu ya usiku.

Nilianza Jumanne ya tarehe 18 Januari, siku moja baada ya sikukuu ya kumkumbuka Lumumba. Kisima kilikuwa mbali kidogo na remblai, na baada ya mzunguko wa kwanza nilikuwa nimeshachoka na safari za kisimani kuliko kupanda kwenyewe. Mvulana mmoja alikuwa amesimama akinitazama, sare yake imepauka, mfuko wa daftari ubavuni. Akauliza kama anisaidie kuchota. Nikamwambia sawa. Nilipomaliza nikampa faranga 2,000, zilizokuwa kama dola moja wakati huo. Nikaandika kwenye daftari langu la hesabu: maji, 2,000. Sikuuliza kwa nini saa tatu asubuhi mtoto mwenye sare alikuwa pale. Jibu alikuwa amelivaa.

Alikuwa na miaka 13, mwaka wa sita wa msingi, mwaka wa mtihani wa taifa. Alhamisi alinikuta kisimani, bidoni imeshajaa. Wiki ya tatu akaja na wenzake watatu. Wakawa wanne, kila mmoja 2,000. Si maji tu sasa: walianza kupanda nyuma yangu, kila mtu na bidoni yake ndogo kichwani, na juu kabisa tulikuwa tukiyamwaga maji yote pamoja kwa kelele na vicheko. Maji ya kisima, katika mji ambao akina mama wanayapangia foleni, yakizama kwenye udongo uliokwisha kutupwa. Ilikuwa majira ya mvua pia. Mtoto wa Kolwezi asiyejua kwamba remblai iliyolowa huteleza na kufunika watu hayupo, na mimi nilikuwa mtu mzima.

Halafu nikapiga picha. Mimi mbele, wao wanne nyuma kwa mstari, mawingu juu. Nikawatumia wafadhili, nikaandika chini: watoto wa Kolwezi wanapanda nami. Kabla ya picha hiyo ahadi zilikuwa zinakuja moja moja. Baada yake zilikuja kwa mkupuo, kutoka kwa wafanyakazi wenzangu, kutoka kwa ndugu walioko Ubelgiji, kutoka kwa watu nisiowajua.

Naomba msomaji asilipite hili. Mimi ni miongoni mwa waliochoshwa na picha za mji wetu. Tangu Amnesty International itoe ripoti yake ya Januari 2016 kuhusu kobalti, wageni wamekuja na kamera zao kutafuta mtoto mwenye mfuko wa mawe mgongoni. Desemba 2019, familia za Kikongo ziliposhitaki Apple, Tesla na kampuni nyingine kubwa mjini Washington, kamera zikaongezeka. Nilikuwa nikikaa barazani nikiwasema: wanakuja kuchuma machozi yetu, wanaondoka. Na mimi nikapanga watoto mstarini, mizigo kichwani, nikabonyeza. Tofauti ilikuwa moja tu: wa kwangu walikuwa wanacheka.

Ijumaa ya tarehe 4 Machi mwalimu wao alikuja nyumbani. Hakuja kwa ukali. Alivua viatu mlangoni, akakaa, akakataa soda.

"Papa, ni weye njo unapandaka ku remblai na batoto?"

"Ni miye, Madame."

"Mardi na jeudi, banc yabo iko mutupu."

Akafungua rejista, akaniwekea kidole kwenye majina manne. Mbele ya kila jina, misalaba midogo miwili kila wiki, Jumanne na Alhamisi, imenyooka kama imepandwa kwa kamba. Hakuongeza neno. Nilimwambia nitalishughulikia. Alinishukuru kabla sijafanya lolote, na shukrani hiyo ndiyo inayoniuma leo kuliko kama angenitukana.

Kwa sababu sikulishughulikia. Baada ya kuiona ile rejista kwa macho yangu, nilipanda na watoto wale mara sita zaidi: tarehe 8, 10, 15, 17, 22 na 24 Machi. Tarehe zote zimo kwenye daftari langu. Nilijiambia mambo mengi. Kwamba mwezi mmoja si kitu. Kwamba faranga 2,000 zinanunua unga wa bukari jioni hiyo, ilhali somo halipikwi. Kwamba nikifikisha lengo nitawalipia hao kwanza. Kwamba nisipowapa mimi kazi wataitafuta kwingine, kazi mbaya zaidi. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na sababu moja ambayo sikuitamka hata kwa mke wangu: wafadhili walikuwa wanaomba picha mpya.

Hicho cha mwisho katika visingizio, kuhusu kazi mbaya zaidi, ndicho kilichonirudia. Jumanne ya tarehe 29 Machi walikuja watatu. Yule wa kwanza hakuwepo. Nikauliza kama anaumwa. Wenzake wakatazamana, mdogo wao akajibu kwamba yuko mtoni, anaosha mawe ya kobalti kwa mnunuzi mmoja mwenye depo.

"Kule banalipa muzuri, Papa."

Nilisimama pale na bidoni yangu. Kabla ya Januari mtoto yule alikuwa mwanafunzi anayechelewa, kama wengine wengi. Mimi ndiye niliyempa mshahara wake wa kwanza. Kwa miezi miwili na zaidi nilimfundisha somo ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: kwamba shingo yake ina bei, inalipwa siku hiyohiyo, na dawati halilipi. Alipolielewa vizuri akafanya kama mfanyakazi yeyote mwenye akili, akaenda kwa tajiri anayelipa zaidi. Mji wetu ni ule ambao mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kobalti chini ya sakafu zao wakachimba ndani ya nyumba. Hapa kishawishi hakihitaji msaidizi. Mimi nikamsaidia.

Siku hiyo niliwarudisha wale watatu shuleni, nikashuka peke yangu. Nataka ijulikane vizuri kilichonisimamisha. Si mwalimu, wala si sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto, ambayo niliwahi kuisikia redioni nikadhani inawahusu wenye mashimo. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nimepoteza mpagazi.

Agosti nikasafiri. Basi hadi Lubumbashi, mpaka wa Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, njia ileile inayopitiwa na malori ya shaba yetu kwenda bandari ya Dar es Salaam, kisha Moshi. Kwenye lango la mlima nilikuta mizani. Kila mzigo wa mpagazi hutundikwa pale kabla hajaondoka, na ukizidi kilo 20 hauvuki. Nilimwona mmoja, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, akirudishwa ili apunguze. Alipunguza, akapimwa tena, akapita. Wapandaji wenzangu walikuwa wanalalamika kwamba tunacheleweshwa. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikafikiria bidoni zetu. Hakuna aliyezipima. Huku juu, mwanamume mzima ana mizani na mlinzi wa kumwambia tajiri wake: hapa basi.

Nilifika kileleni. Nikarudi na dola 4,310 za michango, nazo zote zilikwenda zilikokusudiwa: watoto 41, sare, viatu, madaftari, na ada za muhula kwa waliovuka sekondari. Wale watatu niliowarudisha shuleni walikuwemo. Risiti ninazo. Palikuwa na sherehe ndogo, na nilipewa cheti.

Orodha ya wafadhiliwa tuliiandaa Septemba kutoka kwenye rejista za shule, ili kusiwe na upendeleo. Ilionekana njia ya haki kabisa. Asiyekuwa kwenye rejista hakuwa kwenye orodha. Jina la yule mvulana lilikuwa limekatwa kwa mstari mwekundu tangu Mei, kabla ya mtihani. Nilikiona kile kistari siku tunanakili majina, sikusema kitu mbele ya wenzangu.

Baadaye nilikwenda kwa mama yake. Nilichukua pesa yangu, si ya michango, nikasema nitamlipia mtoto arudi aanze tena mwaka wa sita. Mama alinisikiliza kwa heshima, mikono imekunjwa mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi: "Sasa ni yeye njo anatukulishaka." Wadogo zake wawili walikuwa wanasoma kwa pesa ya mawe yake. Kumrudisha darasani ilimaanisha kuwatoa wao, na mimi sikuwa nimekuja na pesa ya nyumba nzima.

Nimeyahesabu yale madeni kwenye daftari langu. Asubuhi nne za kwanza mtoto mmoja, asubuhi kumi na sita watoto wanne: siku 68 za masomo. Faranga 136,000, kama dola 68. Wafadhili niliwaomba dola moja kwa kila mita ya mlima. Mimi nilinunua siku ya shule ya mtoto kwa bei hiyohiyo, na siku 24 kati ya hizo nilizinunua nikiwa nimeshaiona rejista.

Nimewaandikia wote waliochangia na kuwaeleza haya kabla ya kuyaeleza hapa. Wawili wamenijibu kwa hasira, na wana haki. Mmoja ameniambia nisijitese, matokeo yalikuwa mazuri. Huyo ndiye sijui nimjibu nini.

Nilikutana na kijana mwenyewe mwaka jana, kwenye barabara ya Musompo, pale yalipo madepo ya wanunuzi. Amekuwa mrefu, sauti imekuwa nzito, viganja vimekakamaa. Alinitambua yeye kwanza. Alivuka barabara, akanipa mkono huku ameushika wa kulia kwa wa kushoto, kama mtoto aliyefunzwa adabu. Aliniuliza habari za nyumbani. Kisha akaniuliza jambo ambalo inaonekana alilibeba miaka yote hiyo, maana hakuna aliyemweleza:

"Papa, ulifikaka kule yulu?"

Nikamwambia nilifika.

Akafurahi. Akanipiga begani kwa furaha, akawaita wenzake waje wamwone mtu ambaye yeye alikuwa akimchotea maji.