Robo Saa Nyuma ya Pemba

Tunaandika wawili, watoto wa mtu na dada yake, wenyeji wa Wete, kisiwani Pemba. Na kwa kuwa tulilala chumba kimoja na kusomea taa moja, tumeona si vibaya tukashika kalamu moja. Shangazi yetu wa Kibokoni, ambaye halali siku ya Ijumaa kabla hajaumaliza ukurasa wa mwisho wa jarida hili, ndiye aliyetuambia: andikeni habari ya muhula ule, kwani wazazi wengi wanapeleka watoto bara na hawajui wanawapeleka wapi.

Tulifika Nakuru mapema Januari 2024. Mtu akituuliza kwa nini Nakuru na si Dar es Salaam, jawabu letu ni la kawaida: ada tuliiweza, na mjomba wetu aliyewahi kuendesha malori ya masafa aliusifu mji ule kwa hewa yake. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza tangu Mei 2017 kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu. Karani wa chuo, hata hivyo, alituandika katika daftari la wanafunzi wa kigeni, nasi tukatazamana. Wageni kwa lugha gani?

Lugha yenyewe ndiyo iliyotupa jawabu. Tulipanga chumba Section 58, si mbali na barabara kuu ya Nairobi. Siku ya kwanza tulikwenda kwa mama mboga tukaomba tungule, mbatata na thomu. Akatutazama kwa huruma, akamwita kijana wa duka la pili aje atafsiri. Darasani wenzetu walisema tunazungumza kama taarifa ya habari, na wakatutaka turudie maneno ili wacheke vizuri. Mwenye nyumba wetu, mama wa Kikuyu aliyepindukia miaka sabini, ambaye mtaa mzima humwita Shosho, tulimwamkia kwa adabu ya kwetu: shikamoo. Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu, "Mzuri sana." Ilimchukua hadi Februari kujifunza marahaba, na tangu hapo akawa anatusubiri mlangoni ili apate kuitikia.

Hatukuwa tumejiandaa kwa baridi. Watu husema Nakuru ni mji wa vumbi, na mchana wa Januari ni vumbi kweli. Lakini mji uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,800, na usiku ubaridi hushuka kutoka Menengai ukaingia hata ndani ya mto wa kulalia. Kanga mbili mbili hazikufaa kitu. Shosho alitupa blanketi zito lenye harufu ya moshi, akatukataza kumshukuru.

Ramadhani iliingia tarehe 12 Machi, mvua za masika zikiwa karibu. Adhana haikufika chumbani kwetu, kwa hiyo tulifuturu kwa kutazama saa. Hapo tuligundua jambo ambalo hatukufundishwa na mwalimu yeyote wa jografia: jua huzama Pemba takriban robo saa kabla ya Nakuru. Saa ni zile zile za Afrika Mashariki, lakini kisiwa kiko mashariki zaidi. Bibi yetu, aliyetulea sote wawili, alikuwa akifungua kwa tende, akasali Magharibi, kisha akatupigia simu. Sisi bado tumekaa mbele ya uji tukiutazama. "Nyinyi bado?" angeuliza kila siku, kama kwamba ni uzembe wetu. "Haya, nawangojea." Naye hukaa kwenye simu, akitueleza nani kaleta futari gani, hata tukasema Bismillahi, ndipo akakata.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi, sawa na mwezi 18 Ramadhani, Bibi alikula daku, akajinyoosha kungojea alfajiri, na hakuamka. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Simu ilitufikia saa kumi na mbili asubuhi. Angezikwa baada ya sala ya Ijumaa. Hata kama tungalipata usafiri mara ile ile, tusingaliwahi.

Tunataka kuwa wakweli juu ya yaliyofuata, maana aibu yake tumekwisha kuilipa. Tulikuwa na fedha mkononi: salio la ada ya muhula, shilingi 38,000 za Kenya, na asiyelipa hapewi karatasi ya kuingilia mtihani. Fedha zile zingetosha kutupeleka kwa ndege, sote wawili, kwenda tu. Mmoja wetu alisema twende, mtihani utarudi mwakani lakini matanga ya Bibi hayarudi. Mwingine akasema tukienda hatutarudi tena, wala si mwakani. Tukasemezana maneno ambayo watu waliofunga hawapaswi kusemezana. Tumekubaliana tusiseme nani alisema lipi.

Mama alipopiga simu baada ya maziko, sauti ilikuwa imemkauka. Alisema, "Mkija mtakuta mchanga. Na fedha hizo msizidhani ni zangu. Ni karafuu zake, alizianika mwenyewe." Akakata.

Siku ile ilikuwa Ijumaa Kuu ya Wakristo. Alasiri Shosho alirejea kanisani, akapata habari kwa mpangaji mwenzetu, akaja na chupa kubwa ya chai ya maziwa na vikombe vitatu. Alipokwisha kumimina kimoja ndipo akakumbuka kwamba tumefunga. Akairudisha chai ndani ya chupa, akafunga kifuniko, akavua viatu na kukaa nasi chini mkekani. Ilikuwa bado saa mbili nzima kabla ya Magharibi. Hakunywa, wala hakuondoka.

Katika saa zile mbili alituhadithia mambo ambayo hatukuwahi kumwuliza. Alikuwa na shamba upande wa Molo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba yake iliungua, naye akawa miongoni mwa maelfu waliolala katika mahema ya Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru. Mamake mzazi, mkongwe asiyeweza kutembea, alikuwa amehifadhiwa na jamaa kule kule juu. Akafa Februari 2008. "Barabara ilikuwa imefungwa," alisema. "Nilikuwa kwa hema, nasikia wamezika, na sina hata nauli ya kuenda kuona kaburi. Nyinyi mko na nauli, hiyo ni kitu. Lakini mimi siwezi kuwaambia mwende ama mkae. Mimi sikuchagua."

Jua likazama. Kwa desturi ya siku kumi na saba zilizopita, simu ingekuwa imekwisha kulia. Tuliiweka katikati yetu pamoja na tende, na robo saa ile ikapita kimya. Kisha Shosho akafungua chupa, akauliza kwa Kiswahili chake, "Sasa imefika?" Tukamwambia imefika.

Jumamosi usiku walikuja kina mama kutoka Bondeni, mtaa wa zamani wenye Waislamu wengi, ambao tulikuwa tumejuana nao kwenye tarawehe. Waligawana juzuu, wakasoma hitima pale pale Section 58, na majirani wasiokuwa Waislamu wakakaa nje kwenye ngazi. Watu wa bara wana desturi ya mchango: bahasha ilipita mlango hata mlango bila sisi kujua, ikatufikia na noti za mia mia, moja imekunjwa mara nne. Tukaitoa sadaka kwa niaba ya marehemu. Jumanne, ofisi zilipofunguliwa baada ya Pasaka, tulilipa ada. Aliyetaka kwenda ndiye aliyehesabu fedha dirishani.

Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili. Tulisali, tukapika pilau kwa mchele usioelewa pilau, tukampelekea Shosho. Mitihani hatuna haja ya kuieleza. Tulifaulu, mmoja uhasibu na mwingine maabara, Alhamdulillahi, isipokuwa somo moja ambalo tutalirudia.

Mvua ndizo zilizokuwa hazijatumaliza. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua na kuishukia Mai Mahiu, wakafa zaidi ya watu 40 waliokuwa usingizini. Tulikuwa tumekwisha kufunga mizigo. Tukaondoka siku chache baadaye kwa barabara ya juu, ya Kinungi na Limuru, kila abiria akitazama bonde na hapana aliyezungumza. Tulipofika Mombasa kimbunga Hidaya kilikuwa baharini na boti zimezuiwa, tukakaa Kibokoni kwa Shangazi mpaka bahari ilipotulia, ndipo tukavuka Lungalunga kwenda Tanga na kupanda boti ya Pemba.

Kaburi la Bibi liko chini ya mkarafuu, na nyasi zilikuwa zimekwisha kuota. Tulikwenda na Mama kabla ya kuingia ndani. Mizigoni mlikuwamo kilo nne za mbatata za Molo, ambazo Shosho huziita waru, alizotushurutisha kuzibeba tangu Nakuru. Mama aliuliza zimetoka kwa nani, tukamweleza. Akazichambua mbili zilizokwisha kuota macho, akazipanda nyuma ya jiko, na nyingine akazipika kwa nazi.