Nilisema ni Unyevu

Disketi za Mwalimu hazikuozeshwa na unyevu wa Kindu. Niliziharibu mimi, kwa mikono yangu, kisha nikamwambia binti yake kwamba ni unyevu. Yeye nimekwisha kumwambia ukweli. Ninauandika hapa kwa sababu wapo watu wa hapa mjini, huko Kasuku, Mikelenge na Alunguli, walioisikia ile habari ya kwanza, wakaiamini na kuirudia, na pia kwa sababu siamini kwamba kompyuta ya Mwalimu ndiyo pekee ya namna yake iliyowahi kuingia jimbo letu la Maniema.

Mwalimu alikuwa mtu wa Kasongo. Alifundisha historia katika shule za sekondari, na likizo zake alizimalizia kwenye mikeka ya wazee. Katika miaka ya 1980 walikuwepo bado wazee waliolelewa na mababu walioiona vita ya Sefu, mwana wa Tippu Tip, na jeshi la Mfalme Leopold. Vita hiyo ilianza 1892, na mwaka uliofuata Nyangwe ikaanguka, kisha Kasongo. Wengine walikuwa wamepokea habari za nyuma zaidi, za yale mauaji ya soko la Nyangwe ya Julai 1871 ambayo Livingstone aliyashuhudia. Livingstone aliandika alichokiona kutoka pale aliposimama. Mwalimu alitafuta majina: nani alizama, nani alichukuliwa, nani alivuka mto Lualaba na mtoto mgongoni akaanzisha ukoo ng'ambo ya pili. Aliwasikiliza Wangwana, Wakusu, Wazimba na Wagenya wa mtoni, kila mmoja kwa upande wake, na haya yote nimeyajua kwa kusimuliwa na binti yake, maana Mwalimu mwenyewe alikwisha kufariki nilipoitwa.

Daftari zake za mkono zilipotea katika vita iliyoanza 1998. Kilichobaki ni kile alichokuwa amekipiga chapa kwenye kompyuta. Sanduku la kompyuta lilikuwa limevushwa kwa mtumbwi na kufichwa kwa shemeji mmoja wa familia huko Alunguli, na huko likasahauliwa kwa miaka mingi.

Mashine yenyewe ilikuwa Amstrad CPC 6128, iliyotoka 1985. Kibodi, kompyuta na draivu ya disketi vyote vimo ndani ya ganda moja, draivu ikiwa upande wa kulia, na umeme wake, volti 5 na volti 12, hutoka kwenye skrini kwa nyaya mbili. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 128 tu. Jambo linaloitofautisha na mashine nyingi ni disketi zake za inchi 3, zenye ganda gumu, zilizobuniwa na Hitachi kwa ushirikiano na Matsushita na Maxell. Dunia ilichagua zile za Sony za inchi 3.5, hizi zikabaki yatima. Kila upande wa disketi hubeba kilobaiti 180, na ukitaka upande wa pili unaitoa na kuigeuza kwa mkono. Upande mmoja unaweza kushika kurasa 80 hadi 90 za maandishi. Binti yake alikuwa na disketi 9. Kwa maandiko matupu, hiyo ni maktaba.

Alinijia kwa sababu nilikuwa na sifa ya kutengeneza vitu ambavyo wengine wamevikataa: redio za zamani, jenereta ndogo, televisheni za mgongo mnene. Aliniita mdogo wangu, mimi nikamwita Mama, ingawa hatukupishana sana kwa umri. Aliniomba kitu kimoja, nimtolee maneno ya baba yake kabla yeye naye hajaondoka.

Ugonjwa wa draivu nilikuwa ninaufahamu. Ndani yake mna mkanda bapa wa mpira unaotoka kwenye mota kwenda kwenye gurudumu linalozungusha disketi, mizunguko 300 kwa dakika. Mpira ule ukikaa miaka mingi, hasa penye joto, hulegea au huyeyuka ukawa lami. Wa Mwalimu ulikuwa umeyeyuka. Niliikwangua lami yote kwa spiriti na kitambaa, nikakata mkanda wa kwanza kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Haukufaa: mpira ule hauna unene mmoja, kwa hiyo mwendo wa disketi ukawa unapanda na kushuka, na draivu haivumilii hilo. Wa pili niliuokota kwenye dekki ya kaseti iliyokufa, ukakaa vizuri. Gurudumu lilizunguka kwa utulivu.

Nilijiona fundi kamili. Nilikuwa pia nimelikwepa kosa linalowakamata wengi: soketi ya umeme ya draivu hii inafanana kabisa na ile ya draivu za inchi 3.5, lakini volti 5 na volti 12 zimebadilishana nafasi, na anayechomeka draivu ya kawaida hapo huiunguza papo hapo. Mimi nilikuwa nimepima kwanza kila waya. Nataja hili kwa sababu ndipo ulipoanzia uzembe wangu. Nilikuwa mwangalifu kwa mashine, na nikadhani uangalifu huo unatosha pia kwa disketi.

Sikuifungua hata disketi moja kuitazama. Hapa kwetu mtu huhitaji kulala usiku mmoja tu wa mvua kujua unyevu unavyoingia kwenye nguo, kwenye vitabu, kwenye picha. Nilijua kwamba disketi zilizokaa miaka ile kwenye sanduku la bati lazima zimeota kuvu. Nilijua pia kuwa kichwa cha draivu hakielei juu ya disketi. Kinagusana nayo, kinasugua juu yake muda wote inapozunguka. Kuvu ikiwa pale juu, kichwa huikwangua, kuvu hugandamana nacho, na kuanzia hapo kichwa kinageuka msasa.

Zaidi ya hayo, ndani ya sanduku lile zilikuwemo disketi za mfumo wa CP/M, zilizouzwa pamoja na mashine tangu kiwandani. Mtu anaweza kuzipata tena kwa wengine. Hazikubeba neno la mzee yeyote. Ndizo nilizopaswa kuzijaribia. Niliziona, nikazisogeza kando. Nilitaka herufi za kwanza zitakazotokea kwenye skrini ziwe za Mwalimu, na binti yake awe amekaa pale kuziona. Niliitoa disketi iliyoandikwa kwa mkono wa Mwalimu «Nyangwe», nikaiingiza.

Niliandika amri ya kuorodhesha mafaili. Draivu ilitoa mlio mwembamba wa kukwaruza, na skrini ikaleta ujumbe kwamba kusoma kumeshindikana: ujaribu tena, upuuze, au uache? Nilibonyeza herufi ya kujaribu tena. Ikashindikana, nikabonyeza tena. Niliendelea hivyo huku nikimwambia Mama asubiri kidogo, wakati mwingine hukubali baadaye.

Hebu nieleze kidole changu kilikuwa kinafanya nini. Disketi hii imegawanywa katika maduara 40 upande mmoja, na orodha ya mafaili yote inakaa katika duara moja tu. Orodha hiyo ndiyo inayoiambia mashine kila faili limewekwa wapi. Unapoomba kujaribu tena, kichwa husoma tena duara lilelile. Kila mara hulisugua upya. Kwa hiyo kila nilipobonyeza nilikuwa nikikwangua mahali pale ambapo, pakifutika, mashine haiwezi tena kuona chochote, hata kama kurasa zote nyingine ni nzima.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeharibu duara moja la disketi moja. Niliitoa «Nyangwe» nikaingiza «Kasongo», bila kukisafisha kichwa. Kisha disketi ya tatu, iliyoandikwa «Wagenya». Hiyo ya tatu, nilipokuja kuifungua, haikuwa na kuvu karibu yoyote. Ilikuwa safi. Ingesomeka. Uchafu ulioikata niliutoa kwenye zile mbili nikaupeleka kwake.

Mama aliondoka jioni ile akiniachia boksi, akasema fundi usichoke. Usiku nilifungua maganda ya zile tatu. Kuvu huonekana kama madoa meupe yaliyotawanyika bila mpango. Nilichokiona juu ya yale madoa kilikuwa duara jembamba linalong'aa, limechongwa sawasawa, na nilipoliinua mbele ya taa mwanga ulipenya, maana unga wa sumaku ulikuwa umetoka wote na plastiki imebaki tupu. Kwenye kichwa cha draivu palikuwa na ganda la kahawia. Sikuwa na shaka yoyote juu ya nini kimetokea na nani amekifanya.

Alipokuja nilimwambia: «Mama, unyevu umekula.» Akauliza: «Zote?» Nikasema zote. Kulikuwa na disketi 6 ambazo sikuwa nimezigusa, na nilisema zote, kwa kuwa kama ningesema zile tatu tu angeuliza kwa nini tatu. Alinishukuru kwa jitihada. Alinilipa kazi ya mkanda, nami nikapokea, akaondoka na boksi lake.

Baadaye nilisoma habari za vibao vidogo vinavyounganishwa kati ya draivu ya zamani na kompyuta ya sasa: KryoFlux, na kingine kilicho huru kwa yeyote kukitengeneza, Greaseweazle cha Keir Fraser. Havitegemei orodha ya mafaili. Husoma mabadiliko ya sumaku yenyewe, duara kwa duara, na kuyahifadhi. Kisha mtu anafanya kazi juu ya nakala, polepole, kwa kadiri anavyotaka, disketi ikiwa imepumzika. Maana yake ni kwamba hata zile tatu zilikuwa bado na kurasa nyingi za kuokolewa, nje ya lile duara nililolimaliza. Na zile 6 huenda zilihitaji tu kusafishwa kuvu kabla ya kusomwa.

Nilikwenda kwake haraka kuziomba. Alisema alizichoma pamoja na takataka za uani, siku chache baada ya mimi kumpa jibu. Hakupenda kuyaona maneno ya baba yake yakiwa yameoza kabatini.

Ningetamani kuandika kwamba nilimwambia papo hapo. Sikumwambia. Nilisema pole, nikarudi nyumbani, na nikaendelea kukutana naye sokoni na kumwamkia. Mtu aliyenisukuma hatimaye ni mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Kindu aliyekuwa akiandika juu ya historia ya Kasongo. Alikuja kuniuliza kama kweli maandiko ya Mwalimu yaliozeshwa na hali ya hewa, maana alitaka kuliandika hivyo katika kazi yake. Uongo wangu ulikuwa unaingia kwenye karatasi ambayo watu wangeisoma baada yetu. Nilimwomba asiandike, nikaenda kwa Mama.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliuliza jambo moja: zile 6, ulikuwa unajua kwamba ni nzima? Nikajibu kwamba sikuwa na hakika, kwa kuwa sikuzitazama, lakini nilijua sina haki ya kuzihukumu. Akasema kosa la mkono angelisamehe siku ileile. Fedha za mkanda nilizirudisha, akazipokea. Hatuna ugomvi, lakini haniiti tena mdogo wangu.

Nimepima mara nyingi lipi ni kubwa kati ya mambo mawili niliyoyafanya. Disketi tatu ziliharibiwa na haraka yangu. Zote 9 ziliangamizwa na neno nililolisema baadaye, na neno lile nililisema nikiwa na akili timamu, baada ya usiku mzima wa kufikiri. Wazee waliomweleza Mwalimu habari zile wamekufa, na hakuna wa kuulizwa tena.

Kama nyumbani kwenu kuna disketi za aina yoyote, msizichome na msiziingize kwenye mashine ili kuona kama zinafanya kazi. Ziwekeni pakavu. Fundi atakayezishika aanze na disketi isiyo na thamani, akisafishe kichwa kwa alkoholi baada ya kila moja, na ikishindikana kusoma asirudie kubonyeza. Na kama amewaambia zimeoza, mwombeni afungue ganda mbele yenu na kuishikilia disketi kwenye mwanga. Mkiona madoa yaliyotawanyika, ni kuvu, na kuvu husafishwa. Mkiona duara linalong'aa, mwulizeni aliiingiza kwenye draivu mara ngapi.