Bure, Huru, Huria

Kwa miaka mingi nilikuwa na swali nililowatega nalo wanafunzi wa kidato cha tatu kila tulipofika kwenye mada ya maana: je, "bure", "huru" na "huria" ni maneno matatu, au ni neno moja lililovaa kanzu tatu? Wengi walikimbilia kujibu kwamba ni mamoja. Hapo niliwapa sentensi wazipime wenyewe. Aliyepewa embe bila kulipa amelipata bure. Hakuna asemaye amelipata huria. Mfungwa aliyemaliza kifungo yu huru, naye angekasirika ukimwita mtu bure. Soko huria halikuwa soko la vitu vya bure, kama alivyokuja kujua kila mzazi aliyeingia dukani mwishoni mwa miaka ya 1980. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hutoza ada. Uhuria wake umo katika namna ya kusoma, kwamba mtu aweza kujiendeleza akiwa kwake na kazini kwake. Hata serikali ilipoondoa ada ya shule hadi kidato cha nne mwaka 2016, ilichagua kusema "elimu bila malipo". Nadhani mwandishi wa waraka ule alikuwa na sikio zuri. "Elimu bure" ina sauti ya pili ndani yake: kazi bure, maneno bure, safari ya bure.

Sikutarajia kwamba somo hilo lingenifuata hadi ustaafuni, tena kupitia kompyuta.

Nilistaafu mwaka 2017 nikarudi nyumbani Mgori, kwenye alizeti, mbuzi na mizinga michache ya nyuki. Katika mizigo yangu kulikuwamo kompyuta mpakato niliyoinunua mkononi mwa mtu, nzito kama tofali la kuchoma, nikiichaji kwa umeme wa jua. Thamani yake haikuwa chuma chake. Ndani mlikuwa na mashairi 214 niliyoyaandika tangu nikiwa mwanachuo wa ualimu Mpwapwa. Niliyachapa moja moja, usiku baada ya kusahihisha, kwa zaidi ya miaka sita. Madaftari ya asili yalibaki katika sanduku la mbao, na mchwa wa Singida hawana habari na vina wala mizani. Kwa hiyo mashairi yale yalikuwa mahali pamoja tu duniani.

Juni 2018 mashine ikagoma. Iliwaka, ikaonyesha nembo, ikazima, ikawaka tena yenyewe, na kuendelea hivyo kama mgonjwa wa kwikwi. Niliipeleka mjini kwa fundi. Akaitazama kwa muda mfupi na kuniambia kwamba imejaa virusi, dawa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo endeshi upya, shilingi 50,000. Nikamuuliza, na mashairi je? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mzee, hayo samehe."

Nikaifunga kwenye kanga ya mke wangu nikarudi nayo.

Wiki mbili baadaye alifika nyumbani kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye wakati huo alikuwa akisomea kompyuta Dodoma na alikuwa likizo. Kwetu kijana hupita kumsalimu mwalimu wake kabla ya kurudi chuoni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, nikamweleza msiba wangu. Akaniuliza swali ambalo fundi hakuniuliza: "Mwalimu, diski yenyewe ni nzima?" Nikamwambia sijui diski ni ipi. Akatoa flashi kwenye begi lake, ndogo kuliko kifutio, akasema, "Basi tusifute chochote. Tuiamshe kwanza kwa mfumo mwingine."

Neno "tuiamshe" lilinivutia hata katika hali ile. Kuwasha ni kubonyeza kitufe umeme ukapita. Kuamsha ni jambo jingine: ni kuifanya mashine ijijue. Kazi hiyo ndiyo ya mfumo endeshi, programu ile ya msingi inayokaa kati ya chuma na programu nyingine zote, ikigawa kumbukumbu, ikisoma diski, ikipokea kila herufi tunayobonyeza. Kijana akanieleza kwamba mfumo uliomo kwenye diski yangu umeharibika, lakini si lazima mashine iamshwe na huo. Yaweza kuamshwa na ule wa kwenye flashi, bila kuandika hata nukta moja juu ya diski. Mfumo aliokuja nao uliitwa Lubuntu, ndugu mdogo wa Ubuntu, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine dhaifu. Ubuntu wenyewe ulikuwa umekwisha kuacha kutengenezewa mashine za biti 32 kama yangu, lakini Lubuntu ya mwaka ule bado ilikuwa na toleo la wazee.

Ilichukua dakika chache. Kioo kikatulia, pakatokea eneo tupu na kijimstari cha vitufe chini. Kijana akabonyeza alama ya diski, akaingia ndani, na mbele yangu likatokea folda lenye jina nililoliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MASHAIRI. Akafungua moja. Lilikuwa shairi la mwaka 1983, beti saba, juu ya mvua iliyokawia. Nilitoka nje nikawaangalie mbuzi, ambao hawakuwa na haja yoyote ya kuangaliwa. Niliporudi alikuwa amekwisha kunakili yote 214 kwenye flashi ya pili na kuniwekea mezani.

"Ni kiasi gani, baba?" nilimuuliza.

"Hakuna kiasi, Mwalimu."

"Basi ni ya wizi." Swali langu lilikuwa na msingi, kwa maana santuri za programu zinazouzwa kwenye meza za barabarani karibu zote ni nakala ambazo wenyewe hawakuziruhusu.

"Hapana. Hii ni programu huria."

Hakusema ya bure. Mtoto alikuwa ameshika somo.

Kiingereza, kwa utajiri wake wote, kina neno moja kwa mambo mawili: kisicho na bei na kisicho na kifungo. Wataalamu wa programu hizi wamelazimika kwa miaka mingi kuwaeleza watu ni maana ipi wanayoikusudia. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake akifafanua neno hilo moja. Anachodai ni kwamba mtumiaji aweze kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichungua ilivyoundwa na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata zile alizozibadili. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, akaandika kiini cha mfumo endeshi, kile kiitwacho Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GNU. Leseni hiyo ina sharti moja zito: ukiigawa kazi hii, iwe umeibadili au hukuibadili, umpe unayemgawia haki zile zile ulizopewa wewe, pamoja na msimbo chanzo. Hakuna ruhusa ya kupokea huria na kutoa kifungo.

Mzee mmoja jirani, niliyemsimulia haya, alinikatiza akasema, "Kumbe ni kama msitu."

Nilimwelewa mara moja, lakini wasomaji wa mbali watahitaji maelezo. Msitu wa Mgori ni miombo ya zaidi ya hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa ukikatwa hovyo, na serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Badala yake, katikati ya miaka hiyo, usimamizi ulikabidhiwa vijiji vitano vinavyopakana nao, Ngimu na Pohama vikiwamo. Kila kijiji kilipewa sehemu yake, kikaweka kamati, kikatunga sheria ndogo, na vijana wake wenyewe wakawa walinzi wa doria. Wageni walikuja kutoka mbali kuona jambo hilo, kwa sababu lilitangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyokuja kuutambua rasmi msitu wa hifadhi ya kijiji. Mwanakijiji aliruhusiwa kuingia na kupata mahitaji yake kwa utaratibu. Aliyekuja na msumeno usiku alikamatwa na kutozwa faini. Msitu ule haukuwa wa bure. Ulikuwa na wenyewe, nao wenyewe walikuwa wengi.

Hapo ndipo nikaona pungufu la orodha yangu ya darasani. Nilipaswa kuongeza neno la nne, "holela", kwa kuwa huyo ndiye adui anayejifanya ndugu wa huria. Watu wengi wakisikia programu huria hudhani ni mali isiyo na mchungaji, kila mtu akiichezea apendavyo. Kijana alinionyesha kinyume chake kwa jambo dogo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote.

Tulikuwa tumekwisha kuuweka mfumo ule moja kwa moja kwenye diski. Akabadili mpangilio wa lugha ukawa Kiswahili cha Tanzania, na saa iliyo pembeni mwa kioo ikaandika "Alhamisi". Nikauliza nani ameiambia mashine kwamba leo ni Alhamisi kwa Kiswahili. Akafungua faili moja lililojificha ndani kabisa, jina lake sw_TZ, akalionyesha kama anavyoonyeshwa mtu ukurasa wa kitabu. Zilikuwamo siku zetu zimepangwa, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, na miezi yake, Januari hadi Desemba. Kuna mtu aliketi akaziandika ili mashine yoyote duniani inayotumia mfumo huu iweze kusema Alhamisi. Na faili halikuwa limefungwa kwa ufunguo. Kama angekosea tahajia ya Jumatano, mimi mwalimu wa Kiswahili wa Mgori ningeweza kuiona kwa macho yangu, nikaisahihisha, na kupeleka sahihisho lile kwa wasimamizi, ambao wangelipima kabla ya kulipokea. Kwa miaka 30 nilisahihisha insha. Sikuwahi kudhani kwamba mashine nayo ina insha inayosahihishika.

(Saa yenyewe, hata hivyo, bado inahesabu kuanzia usiku wa manane kama wafanyavyo wageni. Saa mbili asubuhi yetu haijui. Hilo nalo linangoja mtu wa kuliandika.)

Sisemi kwamba mambo yalikuwa laini. Kichapishi changu cha zamani kilikataa kabisa kuutambua utawala mpya hadi leo. Modemu ya intaneti ilitugharimu siku nne. Na sehemu kubwa ya maandishi kwenye kioo ilikuwa Kiingereza, jambo lililoniudhi zaidi kwa sababu najua kazi ilikwisha kuanzwa zamani. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Ilikuwa ni kuandaa istilahi mamia kwa mamia, na nawavulia kofia. Lakini istilahi ni kama shamba la mtama: lisipopaliliwa kila msimu, ndege na magugu hugawana. Programu hubadilika kila miezi sita. Tafsiri ikisimama mwaka mmoja, Kiingereza kinaota tena kwenye mapengo.

Nilichukua karatasi ya manila nikaibandika ukutani juu ya meza, nikaanza kuandika maneno yangu kando ya yale ya kioo. Mengi tunayo tayari. "Pakua" ni tendo la jikoni, kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini, na sijaona neno linalofaa zaidi kwa kuleta kitu kutoka intaneti. "Futa" ni la ubaoni. "Hifadhi" lina heshima ambayo neno la Kiingereza halina. Ni la nyoka aliye mbugani na la aya iliyo moyoni. Mengine yanagombaniwa. Wakenya husema tarakilishi, sisi husema kompyuta; wapo wa nywila na wapo wa nenosiri. Mimi ni wa nywila, kwa ufupi wake, maana nenosiri halikai vizuri kwenye mizani ya nane ukilitanguliza na kiunganishi.

Siku hizi wajukuu na rafiki zao, wanne au watano, huja Jumamosi kuchapa. Nimewapa sharti moja: kila neno la Kiingereza wanalolikuta kwenye kioo waniletee la Kiswahili kabla ya kuondoka, na wasiniletee la kubuni ikiwa bibi zao wanalo. Wiki iliyopita msichana wa darasa la sita aliletewa na mashine ujumbe kwamba programu imekwama na haijibu. Akaandika kwenye manila, "imezira". Nimelizungushia duara. Sijaamua bado kama nilikubali, kwa sababu kuzira ni kwa makusudi, na kijana wa Dodoma ananiambia kwa simu kwamba mashine haina makusudi. Msichana anasema hajawahi kuiona yangu.