Ngozi ya farasi baada ya kunyolewa

Katika Kongo farasi ni wachache. Sababu yake yajulikana: penye mbung'o, ugonjwa wa nagana huwaua. Lakini huku kwetu Lubumbashi, mita kama 1,200 juu ya bahari, farasi wako, nao wana watu wa kuwatunza. Mmoja wa watu hao ni shemeji yangu, kaka ya mke wangu. Naandika haya kwa ajili ya kazi yake, na kwa ajili ya kila mtu anayemshika mnyama asiyeweza kusema: "Hapo pananiuma."

Pengine mtauliza: farasi anyolewe kwa nini? Ulaya, baridi inapokaribia, farasi huota manyoya mazito. Akifanya kazi atoka jasho, manyoya yanalowa, hayakauki upesi, naye apatwa na baridi. Kwa hiyo watu wa huko huwanyoa farasi wa kazi tangu mwezi wa Oktoba. Kwetu iko sababu nyingine, nayo ni uzee. Wako farasi wazee ambao manyoya yao hayapukutiki kwa wakati wake. Waganga wa wanyama waeleza kwamba chanzo ni ugonjwa wa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Manyoya yawa marefu na yenye kujipinda, hata siku za joto. Na Lubumbashi joto kali ni la Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Hapo mnyama alowa jasho akiwa amesimama tu kivulini. Kumnyoa ni kumtendea mema.

Farasi jike wa namna hiyo alikuwako mahali anapofanya kazi shemeji. Mwaka wa 2021 alinyolewa mbiombio na mtu wa kupita. Kesho yake vipele vilijaa shingoni na tumboni, naye akajikuna kwenye mti hata akatoka damu. Mwaka wa 2022, ilipofika Septemba, mwenye farasi akasema kwamba sasa shemeji ndiye atakayemnyoa, na vipele vikirudi, atafute kazi mahali pengine. Shemeji ana watoto watano. Jioni ile alikuja kwangu na mashine ya kunyolea ndani ya mfuko, pamoja na karatasi yake ya Kifaransa.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ulisoma seminari. Nisomee hii."

Nikamsomea neno kwa neno, nikimgeuzia kwa Kiswahili. Alikuwa ametunza farasi miaka kumi na miwili, wala hakuna aliyewahi kumfungulia karatasi kama hiyo. Siku ya pili tulikwenda kumwuliza mganga wa wanyama mambo yasiyoandikwa humo. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Watu wengi wadhani ngozi ya farasi ni ngumu kwa kuwa mnyama mwenyewe ni mkubwa. Sivyo. Nzi mmoja akitua ubavuni, ngozi ya mahali pale hutetemeka papo hapo. Farasi asikia mguu wa nzi. Je, hatasikia chuma chenye moto? Tena manyoya ni vazi lake. Yakiondolewa, ngozi iliyokuwa imefunikwa yakutana ghafula na jua, vumbi, nzi na kamba. Zaidi ya hayo, farasi mwenye ugonjwa ule wa tezi hushikwa na maambukizo ya ngozi upesi kuliko mwenzake mzima.

Basi muwasho watoka wapi? Mara nyingi hautoki katika kunyoa kwenyewe, watoka katika namna ya kunyoa.

Kwanza, uchafu. Vumbi na jasho lililokauka hufanya meno ya mashine kuwa butu. Meno butu hayakati vizuri, huvuta nywele na kukwaruza ngozi. Kwa hiyo farasi aoshwe siku iliyotangulia, sabuni iondolewe yote kwa maji, naye akauke kabisa. Manyoya mabichi yasinyolewe.

Pili, moto. Chuma kikisuguana na chuma chapata moto. Mwenye kunyoa ayaguse meno ya mashine kwa ndani ya mkono wake kila baada ya dakika chache. Yakimchoma yeye, yanamchoma na farasi. Azime, asafishe nywele zilizokwama, atie matone ya mafuta ya mashine, angoje yapoe.

Tatu, haraka. Mashine hupitishwa kinyume cha manyoya yalivyolala, kwa mkono mwepesi, bila kukandamiza. Mahali penye mikunjo, kama nyuma ya kiwiko, ngozi ivutwe kwanza iwe laini. Na mahali pamoja pasirudiwe mara nyingi kwa ajili ya kutafuta uzuri. Alama za mashine zitafutika manyoya yakiota. Kidonda ni jambo jingine.

Nne, kuazimana. Meno yaliyomnyoa farasi mwenye choa yatampelekea choa yule anayefuata, na hata mtu. Yasafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kumgusa mwingine.

Tukafanya hivyo. Shemeji alimwosha farasi siku ya Ijumaa, akamnyoa Jumamosi asubuhi. Mimi nilishika kamba. Alipofika nusu ya ubavu, umeme ukakatika. Vijana wa zizini wakacheka kumwona farasi wa rangi mbili. Tukangoja saa mbili na zaidi. Farasi akala majani yake kwa utulivu, na chuma kikapoa chenyewe. Umeme uliporudi, shemeji hakujaribu kufidia muda uliopotea. Aliendelea kidogo kidogo, akigusa chuma kwa mkono wake, mpaka jua likakaribia kushuka.

Kazi haikuishia hapo. Nywele fupi na mafuta ya mashine yakibaki juu ya ngozi, huiwasha usiku kucha. Kwa hiyo mganga alituambia tumpanguse farasi mwili wote kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya vuguvugu, kisha tumkaushe. Burashi ngumu isitumike siku hizo. Tandiko na mikanda visiwekwe siku ile ile, na vikija kuwekwa viwe safi na vikavu. Blanketi la usiku pia liwe limefuliwa, kwa sababu blanketi la jasho la zamani juu ya ngozi mpya ni kama mchanga. Mahali ambapo ngozi ni nyeupe pakingwe na jua la mchana. Wala mtu asipake mafuta ya taa, limau wala dawa kali ya kusafishia nyumba. Wako wapakao vitu hivyo kwa nia njema, na kumbe vyaichoma ngozi.

Kila asubuhi shemeji alimpapasa farasi kwa vidole, kwa maana vidole huvumbua kipele kabla ya macho. Siku ya pili alikuta vichache nyuma ya kiwiko. Hakuvikuna, hakuvipaka kitu. Siku ya nne vilikuwa vimekwisha. Mwenye farasi alikuja, akamzunguka mnyama mara mbili, akaenda zake bila neno. Shemeji angali kazini mpaka leo.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi Wakongo kwa jina lake. Mvua zikianza, ngozi iliyo wazi ikilowa siku nyingi, yaweza kupata magamba magumu. Ukiyabandua, nywele zatoka pamoja nayo kama burashi ndogo. Bakteria iletayo ugonjwa huo yaitwa Dermatophilus congolensis. Mbelgiji René Van Saceghem ndiye aliyeieleza mwaka wa 1915, akichunguza ng'ombe wa Kongo, na hivyo jina la nchi yetu likaingia katika vitabu vya waganga wa wanyama dunia nzima. Mbegu zake huogelea katika maji, na hupenya penye ngozi iliyolainika kwa unyevu au iliyokwaruzwa. Kinga yake ni ukavu: farasi aliyenyolewa apate paa juu yake wakati wa mvua. Magamba yakionekana, au vipele visipopungua baada ya siku chache, mganga wa wanyama aitwe. Na mwenye kuyagusa avae glovu au anawe mikono vizuri, kwa kuwa mtu naye aweza kuambukizwa.

Baada ya kazi ile shemeji aliniomba niyaandike yote kwa Kiswahili kwa herufi kubwa. Karatasi hiyo imebandikwa mlangoni mwa zizi, karibu na msumari inapotundikwa mashine. Ninyi mnaosoma Kifaransa, mkimwona jirani ameshika chombo cha kazi ambacho maelezo yake hayafahamu, msingoje mpaka awaombe. Ketini naye, mmsomee.